Huduma ya usuluhishi kwa wabia wanaokomoana: tathmini ya mhasibu

Naandika kuhusu huduma ambayo wengi huikumbuka mali ikiwa imeshateketea: usuluhishi wa ugomvi wa kibiashara, ule wa msuluhishi binafsi anayelipwa nusu kwa nusu na pande zinazogombana. Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya uchapaji, na nina hisa ndani yake, asilimia 10 tu. Zilizobaki ziko mikononi mwa wanaume wawili waliofanya kazi bega kwa bega miaka mingi, wakafika mahali ambapo kila mmoja alikuwa radhi kampuni ife mradi mwenzake aumie. Ofisi iliyotusuluhisha siitaji jina, kwa sababu nina malalamiko juu yake na tena tulitia saini ahadi ya kutunza siri. Wabia wangu wote wawili wameisoma tathmini hii kabla haijatoka na wameridhia kilichomo. Nitawaita Fundi na Mauzo, maana ndizo kazi zao.

Ugomvi wenyewe ulianza na tarehe. Mauzo alimwahidi mteja wetu mkubwa kwamba kazi yake ingekuwa tayari mwisho wa wiki, akampa na punguzo juu, bila kumuuliza anayesimama kwenye mashine. Fundi alikesha akichapa. Bamba mbili za kuchapia zikakwaruzika, rangi ikapanda juu ya rangi, na karibu nusu ya kazi ikarudishwa. Mpaka hapo ni mambo ya kawaida ya kiwandani. Tumewahi kurudishiwa kazi na tukachapa upya. Kilichoharibu ni kwamba Mauzo alisimama mlangoni mwa chumba cha mashine, mteja akiwa pembeni yake na vijana wa kazi wakisikiliza, akasema: "Tatizo letu ni huyu hapa."

Fundi hakujibu. Siku iliyofuata alibadilisha nywila ya kompyuta ya kutengenezea bamba, akaenda zake nyumbani. Mauzo naye akagoma kutia saini hati ya benki, ambayo bila saini za wote wawili haitoi hata mishahara. Mwisho Fundi akaja na barua kutoka kwa mshindani wetu: yuko tayari kuinunua mashine yetu kubwa kwa robo ya thamani yake. Mashine hiyo iliingia kwenye ubia kama mtaji wa Fundi, na mkataba wetu wa zamani ulimpa haki ya kuiondoa. Kwa hiyo angeuza mali yake mwenyewe, apoteze robo tatu ya mtaji wake mwenyewe, amkabidhi adui yetu sokoni chombo cha kutumalizia, halafu abaki na asilimia 45 za kampuni isiyo na cha kuchapia.

Nilimfanyia mahesabu, nikamwekea mezani. Aliyasoma mpaka chini, akanirudishia karatasi kwa upole kabisa. "Dada, mahesabu nayajua. Nataka alie."

Naomba msomaji alishike jibu hilo, kwa kuwa ndilo lililonifanya nitafute huduma hii, na ndicho kipimo nilichoipimia. Watu wengi hudhani mtu anayejiangamiza ili kumkomoa mwenzake hajui anachokifanya, na kwamba akionyeshwa hasara ataacha. Fundi alikuwa anajua mpaka senti ya mwisho. Hasara aliihesabu kuwa gharama, na akaona anachokinunua kinastahili gharama hiyo. Kwa mtu wa namna hiyo mhasibu hana dawa, na wakili ndiyo kabisa: wakili angempa njia ya haraka zaidi ya kufanya alichokitaka.

Usuluhishi unavyofanya kazi, kwa ambaye hajawahi kuuingia: msuluhishi hana mamlaka ya kuamua lolote. Si hakimu, na si mwamuzi ambaye hukumu yake itawafunga. Kila upande hubaki na haki ya kuinuka na kuondoka dakika yoyote. Yanayosemwa mle ndani hayapelekwi mahakamani. Kuna kikao cha pamoja, halafu kuna vikao vya faragha ambapo msuluhishi hukaa na upande mmoja peke yake, na analoambiwa humo halivuki kwenda chumba cha pili ila kwa ruhusa. Mkikubaliana, makubaliano yanaandikwa, mnatia saini, yanakuwa mkataba kama mkataba mwingine.

Kabla ya siku yenyewe walitupigia simu kila mtu kwa wakati wake. Hilo nalisifu. Aliyempigia Fundi hakumuuliza anadai nini, alimuuliza ni nani mwingine atakayeumia kampuni ikifungwa. Fundi aliniambia baadaye kwamba alitaja majina ya vijana wa mashine mmoja mmoja, na alipofika kwa anayefunga vitabu akanyamaza, kwa kuwa kijana huyo alimlea mwenyewe kikazi tangu hajui kushika kisu cha karatasi.

Sasa lawama ya kwanza, na ni nzito. Chumba cha kusubiria ni kimoja. Viti vimepangwa ukutani vikitazamana, katikati pana meza fupi, basi. Ofisi ambayo kazi yake yote ni kupokea watu wasioweza kutazamana inawakalisha wakitazamana, bila mtu wa kuwasimamia, tena kwa muda mrefu maana kikao kilichelewa. Mauzo alijaribu kusalimia. Fundi akageuza kiti chake kikaelekea dirishani, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, na hivyo ndivyo tulivyoingia kikaoni. Nilimwambia katibu siku hiyohiyo, na nililiandika pia kwenye fomu ya maoni waliyotupa. Tuliporudi mara nyingine viti vilikuwa vilevile.

Msuluhishi wetu alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani kwa kamba. Alitukaribisha vizuri, akaeleza taratibu, akampa kila mmoja nafasi ya kusema bila kukatizwa. Kisha akafanya kosa. Alipomaliza kusikiliza habari ya mashine kuuzwa kwa robo, alisema kuna msemo wa Waingereza juu ya mtu anayeikata pua yake ili kuukomoa uso wake, akasimulia na habari zake: kwamba katika karne ya 9, Wadenmarki walipokaribia nyumba ya watawa ya Coldingham huko Uskoti, mkuu wa watawa hao, Æbbe, alijikata pua na mdomo wa juu, na watawa wenzake wakamfuata, ili wavamizi wachukizwe na wasiwaguse. Wavamizi walichukizwa kweli, wakaichoma nyumba pamoja na waliokuwamo.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Kwa hiyo mama unaniita mjinga." Akafunga faili lake.

Nina mawili ya kusema hapa. Kwanza, habari ile haikufaa. Watawa wale, kama wanavyosimuliwa, hawakuwa wanalipiza kisasi kwa yeyote. Walikuwa wanajikinga na jambo waliloliona baya kuliko kifo. Hakuna uhusiano kati yao na mtu anayeuza mashine yake kwa robo. Huko Uingereza wengi hudai msemo umetokana nao, ila msemo wenyewe, kwa maana ya kulipiza kisasi, unaonekana kwenye maandishi ya Ulaya karne nyingi baada ya kisa hicho, na mwishoni mwa karne ya 18 Waingereza walikwisha kuuingiza kwenye kamusi ya maneno ya mitaani, wakiueleza kuwa unasemwa juu ya mtu ambaye, ili amlipize jirani yake, amejidhuru mwenyewe.

Kisa ambacho kingefaa ni cha mfalme wa Ufaransa, Henri IV. Mwandishi wa karne ya 17, Tallemant des Réaux, aliandika kwamba mfalme huyo alielewa vyema kuwa kuibomoa Paris ni sawa na mtu kujikata pua ili kuuudhi uso wake. Huyo alikuwa na kila sababu ya kulipiza. Paris ilimkataa, ikamfungia milango, ikasimama na maadui zake. Aliizingira mwaka 1590, watu wakafa kwa njaa ndani ya kuta, na bado haikufunguka. Angeweza kuendelea mpaka asibakize jiwe juu ya jiwe. Lakini mji aliotaka kuuadhibu ndio uleule aliotaka kuutawala. Mwaka 1593 akaingia Ukatoliki, dini ya waliomkataa, na Machi 1594 akaingia Paris bila vita kubwa, akawasamehe wengi waliompiga. Hapo ndipo walipo wabia wawili: wanagombania kitu ambacho wote wawili wamekalia. Ningeisikia habari hiyo kikaoni siku ile badala ya watawa, nadhani hata Fundi angeuliza swali.

Pili, na hili ni kubwa kuliko historia: methali ni kitu kizuri mkiwa mmetulia. Ukimpa mtu mwenye hasira mbele ya mbaya wake, umemhukumu. Kila mmoja mle ndani alikuwa amelelewa na "hasira hasara", hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Msuluhishi aliyesoma na kufanya kazi hii miaka alipaswa kujua kwamba yule aliyedhalilishwa mbele za watu hawezi kupokea funzo mbele za watu.

Ila hapo ndipo nilipoanza kumheshimu yule mama. Hakujitetea. Alisema, "Umenisahihisha vizuri, baba. Naomba radhi," akafunga kikao cha pamoja, akamwomba Fundi wakae faragha. Yaliyofuata nimeyapata kwa Fundi mwenyewe, na ameniruhusu kuyaandika.

Hakumwambia aache. Alimpa karatasi tupu na penseli, akamwomba aandike kwa mkono wake mambo mawili. Upande mmoja, kila atakachopoteza mashine ikiuzwa. Upande wa pili, kila atakachopata. Fundi akaandika upande wa hasara haraka, maana alikwisha kuyaona kwangu: thamani ya mashine, gawio la mwaka, dhamana ya mkopo ambayo benki ingeidai mara tu chombo kikiondoka. Upande wa faida aliandika neno moja, "Atalia". Mama akamuuliza: atalia kwa muda gani? Fundi anasema alitaka kuandika "milele", akaona haya. Akaandika "mwaka", akalikata. Akaandika "miezi", akalikata nalo, kwa sababu anamjua Mauzo. Mauzo ana namba za simu za wateja wote kichwani. Angefungua ofisi nyingine, akodishe mashine ya mtu, na kabla mvua hazijabadilika angekuwa anachapa. Karatasi ikabaki na maneno mawili yaliyokatwa na nafasi nyeupe.

Kisha akamwonyesha picha. Ni picha ya zamani ya nyumba iliyokuwa New York, kwenye kona ya Lexington Avenue na mtaa wa 82. Mwaka 1882 mwenye kipande chembamba cha ardhi, Joseph Richardson, alipewa ofa ya dola 1,000 na jirani aliyetaka kujenga jengo la kupangisha pembeni. Yeye akataka dola 5,000. Wakashindwana, jirani akajenga hivyohivyo, akiacha madirisha yanayotazama kipande kile. Richardson akajenga juu ya ardhi hiyo nyumba ya ghorofa nne yenye upana wa mita moja na nusu hivi, urefu kama mita 31, ili tu kuyaziba madirisha ya jirani. Aliyaziba kweli. Mama hakuongeza maelezo. Aliuliza tu: "Ndani ya hii nyumba nani alikaa?" Jibu ni kwamba alikaa Richardson mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 1897.

Fundi ni mtu wa vipimo. Aliniambia alichofanya ni kunyoosha mikono yake miwili pale chumbani, akaona kwamba ndani ya nyumba ile asingeweza kuinyoosha. Hapo ndipo alipoongea. Hakuongea habari za mashine hata kidogo. Aliongea habari ya mlangoni, na maneno "tatizo letu ni huyu hapa", na sura ya yule kijana wa kufunga vitabu alivyoinamisha kichwa ili asimtazame.

Kwangu mimi hii ndiyo kazi tuliyoilipia, na nairudia kwa wanaofikiria kwenda: huduma nzuri haikutibu hasira kama ugonjwa. Inaitafuta hasira inadai nini. Baada ya yote haya nilisoma jaribio ambalo wachumi watatu wa Ujerumani, Güth, Schmittberger na Schwarze, walilichapisha mwaka 1982, na limerudiwa sehemu nyingi za dunia tangu hapo. Watu wawili wanapewa fedha wagawane. Wa kwanza anapendekeza mgawo, wa pili anakubali au anakataa. Akikataa, wote wawili wanatoka mikono mitupu. Kwa mahesabu matupu, wa pili apokee chochote, maana kidogo ni bora kuliko sifuri. Watu hawafanyi hivyo. Mgawo ukishuka chini ya asilimia 20, mara nyingi wanaukataa, wanatupa fedha yao wenyewe ili yule mchoyo naye akose. Nimewasikia watu wakilitaja jaribio hili kama ushahidi kwamba binadamu hana akili. Mimi naliona tofauti. Anayekataa mgawo wa dharau anajua akipokea leo atapewa uleule kesho. Kukataa kwake kuna maana, na bila watu wa aina hiyo wachoyo wangemaliza dunia. Fundi alikuwa anakataa mgawo wa dharau. Tatizo lilikuwa chombo alichochagua cha kukatalia.

Kwa hiyo usuluhishi wetu ulibadilika ukawa swali jepesi sana: Mauzo atarudisha vipi alichokichukua mlangoni? Mama alikwenda chumba cha pili na swali hilo, kwa ruhusa. Mauzo, sifa zake nazisema, hakuzunguka. Alisema yuko tayari kuomba radhi. Mama akamuuliza wapi. Akasema hapa, sasa hivi. Mama akamwambia maneno ambayo Mauzo ameyabandika juu ya meza yake ya kazi mpaka leo: "Ulimvunjia kwenye mashine, kamjengee kwenye mashine."

Ikawa hivyo. Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, Mauzo alisimama pale mlangoni mbele ya vijana wote. Alisema: "Tarehe niliitoa mimi bila kumuuliza, punguzo nilitoa mimi, bamba zilikwaruzika kwa sababu mtu mmoja alifanya kazi ya siku tano kwa mbili, na mwenye kosa ni mimi." Alimwita Fundi "kaka" kama zamani. Yule mteja mkubwa naye alipigiwa simu, kipaza sauti kikiwa wazi. Fundi hakusema mengi. Alikwenda kwenye kompyuta ya bamba, akaandika nywila mpya kwenye kikaratasi, akampa kijana wa kufunga vitabu amkabidhi Mauzo. Hati ya benki ilisainiwa kabla ya saa nne na mishahara ikatoka.

Gharama ya haya yote kwa kampuni ilikuwa ada ya msuluhishi na nusu siku ya kazi.

Narudi kwenye tathmini, maana kuna mengine hayakwenda vizuri. Makubaliano yalivyoandikwa mara ya kwanza yalikuwa dhaifu. Waliandika kwamba mabadiliko ya mkataba wa ubia yatafanyika "ndani ya muda unaofaa" na kwamba bei na tarehe za kazi kubwa zitaamuliwa "kwa mashauriano". Maneno kama hayo ndiyo yanayozaa ugomvi unaofuata. Unaofaa kwa nani? Mashauriano ya siku ngapi, na wasipokubaliana? Nilikataa kutia saini kama shahidi mpaka yabadilishwe. Sasa yanasema: siku 30 kwa mkataba mpya; hakuna tarehe inayotolewa kwa mteja kabla Fundi hajaweka saini kwenye karatasi ya kazi; anayetaka kuondoa mtaji wake atoe kwanza ofa kwa mwenzake, kwa bei ya mthamini wa nje, na asubiri siku 60. Kipengele hicho cha mwisho nakipenda kuliko vyote. Hakimkatazi mtu kuondoka. Kinamlazimisha akae na uamuzi wake miezi miwili, na hasira ya kukomoa haina pumzi ya kukimbia miezi miwili.

Watafiti wengine watatu, Wamarekani Carlsmith, Wilson na Gilbert, walichapisha mwaka 2008 utafiti unaohusika na hili. Waliopata nafasi ya kumwadhibu aliyewasaliti kwenye mchezo wa fedha walitarajia kujisikia nafuu, na waliopewa nafasi hiyo wakaitumia walijisikia vibaya kuliko ambao hawakupewa, kwa kuwa waliendelea kumfikiria. Ukimwadhibu mtu, unambeba. Ningependa msuluhishi angekuwa na swali la namna hii kwenye ratiba yake ya kawaida: wiki moja baada ya mashine kuondoka, utaamka asubuhi ufanye nini? Aliliuliza kwa Fundi kwa kubahatisha, mwishoni, na Fundi alikiri hakuwa na jibu. Lingekuja mapema, tungeokoa muda.

Lawama nyingine ndogo ndogo: nakala za hesabu waliziomba mara tatu kwa barua pepe tofauti, kila mara kana kwamba hawajawahi kuzipata. Kikao cha kufuatilia, ambacho kwa maoni yangu ni sehemu ya tiba, kinalipiwa pembeni na hakuna aliyetuambia mapema. Na hawana mtu wa hesabu wa kwao. Kwenye ugomvi wa wabia, nusu ya maneno ni tarakimu, na msuluhishi aliyekuwa anageukia kwangu kuuliza maana ya dhamana ya mkopo alikuwa anamtegemea mtu mwenye hisa kwenye kampuni hiyohiyo. Nilimjibu kwa haki, lakini upande wowote ungeweza kutilia shaka, na ungekuwa na sababu.

Nani aende? Wabia, ndugu waliorithi mali kwa pamoja, wapangaji na wenye nyumba, wanandoa wanaoachana wenye biashara ya pamoja: wote ambao kila mmoja ameshika kamba ya mwenzake na yuko tayari kuiachia hata kama naye ataanguka. Nendeni mapema, kabla barua ya mnunuzi haijapata saini. Aende pia yule ambaye hana hisa kubwa lakini ataumia, mfanyakazi au mshirika mdogo. Anaweza kuomba wakubwa waingie usuluhishi, mimi ndivyo nilivyofanya. Asiende mtu anayetishwa au kupigwa na mwenzake, kwa kuwa chumba kisicho na mamlaka hakimlindi. Asiende anayejua mwenzake anahamisha mali kisirisiri wakati vikao vinaendelea. Huyo aende mahakamani akaombe zuio kwanza, kusuluhishana kutafuata. Na ukiona mwenzako anakubali kila tarehe ya kikao kisha anaahirisha, anatafuta muda tu, usiendelee kulipa ada.

Nikiipa alama, msuluhishi mwenyewe nampa tisa kwa kumi. Moja nimeipunguza kwa ajili ya watawa wa Coldingham, na nimempunguzia moja tu kwa sababu alikubali kusahihishwa papo hapo, jambo ambalo sijaliona kwa mawakili wetu. Ofisi yake naipa tano. Wakitenganisha vyumba vya kusubiria, wakataja ada ya kikao cha kufuatilia kwenye barua ya kwanza na wakaajiri mtu wa kusoma hesabu, nitairekebisha tathmini hii kwa furaha. Kikao chetu cha kufuatilia ni mwezi ujao, na Fundi ameshaomba kiwe asubuhi kwa sababu mchana kuna kazi ya yule mteja mkubwa, ambayo tarehe yake safari hii ameiweka mwenyewe.